Kadi mbili za grafiki, bei moja kubwa: mwongozo kabla hujalipia kompyuta ya gemu iliyoundwa tayari

Maswali ni yale yale kila mara. Mtu ameona kompyuta ya gemu inauzwa, tangazo linasema ina kadi mbili za grafiki, feni zinawaka rangi zote, bei iko juu, naye anauliza: kadi mbili si ndiyo gemu zitakimbia mara mbili? Mwingine tayari ana kompyuta yake, amefungua Task Manager akakuta GPU 0 na GPU 1 (GPU ni chipu ya grafiki), na hajui kwa nini gemu bado inasuasua. Wa tatu ana kadi ya zamani, amepata ya pili kama hiyo kwa bei ya kutupa, anataka kuzifunga pamoja.

Jibu lao ni moja: kwa gemu za leo, weka hela yako kwenye kadi moja nzuri. Kadi ya pili ina kazi zake, nitazitaja, ila kuongeza kasi ya gemu mpya si mojawapo. Usilichukue hili kwa imani tu. Fuata hatua hizi kwa ile kompyuta unayoitaka, na hesabu zitakuonyesha zenyewe.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Orodha kamili ya vipuri vya kompyuta hiyo, kila kimoja na jina lake la modeli. "Kadi ya Nvidia, RAM kubwa" si orodha.
- Majina ya gemu unazocheza kweli, au kazi unazofanya. Gemu tano zinatosha.
- Ukubwa wa picha wa skrini yako na kasi yake kwa hezi: 1080p, 1440p au 4K, hezi 60, 144 au zaidi.
- Kiasi cha mwisho cha pesa. Kiandike sasa, kabla hujaanza kushawishika.
- Jedwali tupu, la karatasi au la kompyuta.
- Kama kompyuta tayari unayo: programu za bure GPU-Z, CPU-Z na HWiNFO, pamoja na bisibisi ya nyota.

Muuzaji akikataa kukupa orodha ya vipuri, ishia hapo hapo. Huyo anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Hatua ya 1: Jua "mbili" hiyo ni ya namna gani

Kama kompyuta bado hunayo, soma majina ya kadi kwenye orodha ya vipuri. Kama iko mbele yako, bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda "Performance", shuka chini usome majina yaliyo chini ya GPU. Utakutana na moja kati ya hali hizi.

Ya kwanza, ambayo ndiyo ya watu wengi: jina moja ni Intel UHD, Intel Iris au AMD Radeon Graphics isiyo na namba kubwa, na la pili ni GeForce au Radeon RX. Hiyo ya kwanza ni grafiki iliyomo ndani ya prosesa. Hazijaunganishwa nguvu. Kwenye laptopu zinapokezana: ndogo inashika kazi nyepesi ili kutunza betri, kubwa inaamka gemu ikianza. Nvidia iliuita mpango huo Optimus, ukatoka mwaka 2010. Tangazo linaloita hali hii "kadi mbili" halijasema uongo mtupu, ila linakupoteza.

Ya pili: majina mawili yanayofanana kabisa, mathalani GeForce GTX 1080 mara mbili. Hapo kweli kuna kadi mbili kwenye ubao mama. Kama zinashirikiana au moja imekaa tu, hilo ni suala la hatua ya 2.

Ya tatu ni adimu siku hizi: kadi moja nene yenye chipu mbili juu yake, kama GTX 690 ya mwaka 2012, au Radeon R9 295X2 na GTX Titan Z za mwaka 2014. Ukikutana nazo kwenye soko la vitu vilivyotumika, zipige picha ya kumbukumbu uendelee na safari. Titan Z ilitoka kwa dola 2,999 za Marekani wakati GTX 780 Ti mbili zilikuwa dola 699 kila moja. Sandukuni iliandikwa GB 12 za kumbukumbu, lakini gemu iliona GB 6, kwa kuwa kila chipu hubeba nakala yake ya vitu vilevile. Shika hilo, maana ndilo linalowakosesha wengi: kumbukumbu za kadi mbili hazijumlishwi kwenye gemu. Kadi mbili za GB 8 ni GB 8.

Hatua ya 2: Angalia kama kadi hizo zinakubali kuungana

Teknolojia yenyewe ni ya zamani. Kampuni ya 3dfx iliileta kwenye Voodoo2 mwaka 1998 kwa jina la SLI: kadi moja ilichora mistari ya namba shufwa, nyingine ya namba witiri. Nvidia ilinunua mali za 3dfx, ikarudisha jina hilo mwaka 2004. ATI, ambayo baadaye ilimezwa na AMD, ikajibu kwa CrossFire mwaka 2005. Enzi hizo wauzaji waliifanya nembo ya heshima, na matangazo mengi ya leo bado yanaishi kwenye sifa hiyo ya kale.

Tafuta kadi yako hapa:

- GeForce GTX 10 (2016): 1070, 1070 Ti, 1080 na 1080 Ti zinakubali SLI. GTX 1060 haina hata mdomo wa kuchomeka daraja, kile kipande kinachounganisha kadi mbili. Isitoshe, kizazi hiki chote kiliondolewa kwenye draiva mpya za gemu (programu zinazoiwezesha Windows kuongea na kadi) mwishoni mwa 2025. Kilichobaki ni viraka vya usalama.
- GeForce RTX 20 (2018 na 2019): 2070 Super, 2080, 2080 Super na 2080 Ti, kwa daraja la NVLink. RTX 2060 na 2070 ya kawaida hazikubali.
- GeForce RTX 30 (2020 na kuendelea): 3090 na 3090 Ti pekee.
- GeForce RTX 40 na RTX 50: hakuna hata moja, ikiwemo 4090 na 5090.
- Radeon: kuanzia R9 290 na 290X za mwaka 2013, CrossFire haikuhitaji tena daraja, kadi ziliongea kupitia sloti. Kuanzia RX 5000 za mwaka 2019, CrossFire haipo.

Kadi yako ikiwa haimo, usinunue daraja kwa matumaini. Na ikiwa imo, bado usishangilie. Nvidia ilitangaza kwamba tangu tarehe 1 Januari 2021 haiongezi profaili mpya za SLI kwa RTX 20 na zilizotangulia. Profaili ndiyo maelekezo ndani ya draiva yanayoiambia kila gemu igawane vipi kazi. Gemu iliyotoka baada ya hapo haina maelekezo hayo, labda watengenezaji wake wenyewe wawe wameiandika ijue kadi mbili.

Hatua ya 3: Pitisha gemu zako kwenye chekecheo

Chukua zile gemu tano. Kwa kila moja uliza: ilitoka mwaka gani, inatumia DirectX ipi au Vulkan (ndizo lugha ambazo gemu huongea na kadi), na watengenezaji wake wametaja popote kwamba inatumia GPU zaidi ya moja?

Gemu za DirectX 11 za kabla ya 2018 hivi zina nafasi nzuri ya kuwa na profaili. Za DirectX 12 na Vulkan zinamtegemea mtengenezaji, na waliojisumbua ni wachache: Ashes of the Singularity, Rise of the Tomb Raider, Shadow of the Tomb Raider na Strange Brigade ni kati ya hizo.

Kwa nini wengine hawakujisumbua? Njia iliyotumika sana ni ya kupokezana fremu, zile picha mojamoja zinazopita haraka kwenye skrini: kadi ya kwanza inachora fremu ya 1, ya pili fremu ya 2, ya kwanza tena fremu ya 3. Gemu za kisasa hulainisha picha kwa kuazima taarifa za fremu iliyotangulia, na fremu hiyo iko kwenye kadi nyingine. Kuihamisha kunakula muda uleule uliotaka kuuokoa. Nadharia inaishia hapo.

Andika kwenye jedwali: gemu ngapi kati ya tano zinatambua kadi mbili? Kwa watu wengi jibu ni sifuri au moja. Likiwa sifuri na huna kazi yoyote ya hatua ya 6, endelea na hatua ya 4 ukiwa na wazo la kadi moja tu kichwani.

Hatua ya 4: Vunja bei ya kompyuta kipande kwa kipande

Hapa ndipo pesa zinapookolewa, kwa hiyo usiharakishe.

Weka safu tatu kwenye jedwali: kipuri, modeli kamili, bei ya kipuri hicho kikinunuliwa peke yake leo. Jaza prosesa, kipoza prosesa, ubao mama, RAM, diski, kadi ya grafiki, pawasaplai, kasha pamoja na feni, na leseni ya Windows kama imo. Jumlisha. Toa jumla hiyo kwenye bei ya kompyuta nzima. Kinachobaki ndicho unachomlipa muuzaji kwa kuunganisha, kujaribu, kusafirisha na kubeba waranti.

Tofauti ya asilimia 10 hadi 15 mimi naiona ya haki, hasa kama waranti ni moja kwa kompyuta nzima na hutatumwa kwa mtengenezaji wa kila kipuri. Ikifika asilimia 20, omba punguzo au RAM ya ziada. Ikivuka 30, waachie.

Usidhani pia kwamba kujiundia ni nafuu siku zote. Kati ya 2020 na 2022 kadi za grafiki ziliadimika hadi kompyuta nzima za tayari zikawa njia nafuu ya kupata kadi. Mwishoni mwa 2025 ikawa zamu ya RAM kupanda vibaya, viwanda vilipoelekeza uzalishaji kwenye seva za akili bandia. Aliyekuwa na kompyuta za tayari stoo kwa bei ya zamani akawa na mzigo mzuri. Ndiyo maana nasema bei ya leo, si ya video uliyoitazama mwaka jana.

Unapojaza jedwali, kodolea macho mistari hii, maana ndiko wanakojificha:

- "Core i7". Ya mwaka gani? i7-4770 ni ya 2013 na ina kiini 4. i7-14700K ni ya 2023 na ina kiini 20. Zote ni "Core i7". Bila namba kamili hakuna mazungumzo.
- "RTX 3060". Kuna ya GB 12 na kuna ya GB 8 iliyokuja baadaye ikiwa na njia nyembamba ya kumbukumbu, biti 128 badala ya 192. RTX 4060 Ti na 5060 Ti nazo zina GB 8 na GB 16. Sandukuni zinafanana kama mapacha.
- "RAM GB 16". Kijiti kimoja au viwili? Kijiti kimoja cha 16 kinafanya kazi kwa njia moja, na prosesa inapoteza kasi kwenye gemu nyingi. Dai viwili vya 8.
- "Pawasaplai wati 750". Ya nani? Mstari usiotaja chapa wala modeli unaficha kipuri cha bei ndogo kuliko vyote. Alama ya 80 Plus inaonyesha umeme unaopotea kama joto. Haithibitishi kwamba kifaa kimeundwa vizuri, lakini kukosekana kwake ni dalili mbaya.
- Ubao mama usio na jina. Baadhi ya kampuni kubwa hutumia ubao, pawasaplai na hata kasha la vipimo vyao wenyewe. Siku pawasaplai ikifa, ya kawaida haiingii.

Sasa turudi kwenye kadi mbili. Tuseme bei yote ni vipande 100, na una chaguo mbili za bei sawa. Namba hizi ni za mfano, weka zako.

Kompyuta A: kadi mbili 44 (yaani 22 kila moja), prosesa 14, ubao mama wenye nafasi ya kadi mbili 12, pawasaplai ya wati 1,200 kwa 11, RAM 7, diski 5, kasha kubwa lenye feni za kutosha 7.

Kompyuta B: kadi moja 50, prosesa 17, ubao mama 8, pawasaplai ya wati 750 kwa 6, RAM 9, diski 6, kasha 4.

Fungua gemu isiyotambua kadi mbili. Mwenye A anacheza na kadi ya vipande 22, na 22 nyingine zimekaa pale zikipasha kasha joto. Mwenye B anacheza na kadi ya vipande 50. Fungua basi gemu inayotambua: hata hapo A haifikii maradufu ya 22, na prosesa yake ni dhaifu. Angalia pia pale pasipotajwa kwenye tangazo: A imelipa vipande 12 zaidi kwenye ubao, pawasaplai na kasha, vitu visivyochora fremu hata moja.

Hatua ya 5: Pima umeme, nafasi na njia

Hatua hii ni ya anayeendelea na wazo la kadi mbili, au anayetaka kuchomeka kadi kubwa kwenye kompyuta ya tayari.

Umeme kwanza. RTX 3090 moja ni wati 350. Mbili ni 700. Prosesa 150, vingine vyote 75: jumla 925. Acha nafasi ya robo hivi juu yake, maana kadi huruka ghafla kuzidi kiwango chake, na unaangukia kwenye pawasaplai ya wati 1,200. Linganisha: RTX 4070 ya wati 200 inakaribiana na RTX 3080 ya wati 320. Kizazi kipya mara nyingi kinakupa kile ulichokitafuta kwa kadi ya pili, na bili ya umeme inashuka badala ya kupanda.

Nafasi. Pima kwa rula umbali kati ya sloti ndefu ya kwanza na ya pili. Kadi nyingi za sasa ni nene kiasi cha kufunika nafasi mbili na nusu hadi tatu. Zikigusana, ya juu inavuta hewa moto ya ya chini.

Njia. Prosesa za kawaida hutenga njia 16 za PCIe, yaani mikondo ya data kati ya prosesa na sloti, kwa ajili ya grafiki. Ubao unaofaa huzigawa 8 na 8. Ubao mwingi wa bei nafuu una sloti ya pili ndefu kwa sura tu. Ndani ina njia 4, na SLI inataka 8. Jibu liko kwenye kitabu cha ubao, si kwenye urefu wa sloti.

Hatua ya 6: Je, una kazi inayojigawa yenyewe?

Huku ndiko kadi ya pili inakolipa. Kuchora picha za 3D kwenye Blender kwa Cycles, programu za aina ya Octane na Redshift, na kuendesha modeli kubwa za lugha nyumbani: hizi hugawa kazi vipande na kila kadi ikachukua chake. Hazihitaji SLI, na kadi hazilazimiki kufanana.

Kwenye Blender nenda "Edit", "Preferences", "System", kisha chini ya "Cycles Render Devices" chagua OptiX au CUDA na utie alama kwenye kadi zote mbili. Ndani ya "Render Properties" hakikisha kifaa ni "GPU Compute". Kumbuka kwamba kila kadi hubeba nakala yake ya mandhari, kwa hiyo ukubwa wa kazi unapimwa kwa kadi yenye kumbukumbu ndogo. Modeli za lugha ni tofauti kidogo: programu zake zinaweza kuweka tabaka nyingine kadi hii na nyingine kadi ile, na hapo GB 24 mbili zinakufaa kama 48. Kwa watu hao 3090 mbili zilizotumika si upuuzi hata kidogo.

Kuna pia wanaotumia Lossless Scaling na kuiachia kadi ya pili kazi ya kuzalisha fremu za katikati. Inafanya kazi, picha inaonekana laini, ila gemu yenyewe haijaenda haraka zaidi na kitufe hakiitiki mapema zaidi. Kama kadi ya zamani unayo tayari, ijaribu. Kwenda kuinunua kwa ajili hiyo tu, sikushauri.

Hatua ya 7: Kuzifunga, kama kadi tayari unazo

1. Futa draiva za zamani kwa Display Driver Uninstaller ukiwa kwenye hali salama ya Windows.
2. Zima, chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha.
3. Chomeka kadi ya kwanza kwenye sloti ndefu iliyo karibu na prosesa, ya pili kwenye ile kitabu kinachosema ina njia 8. Sukuma hadi kikulabu kilie "tak". Kaza skrubu.
4. Kila mdomo wa umeme wa kadi upewe waya wake kutoka pawasaplai. Usitumie waya mmoja wenye vichwa viwili kulisha kadi kubwa. Ni chanzo kimojawapo cha plagi zilizoyeyuka na kompyuta zinazozima katikati ya mchezo.
5. Weka daraja. Urefu wake ulingane na umbali wa sloti, na liwe la kizazi cha kadi zako.
6. Skrini ichomekwe kwenye kadi ya juu.
7. Washa, weka draiva, fungua Nvidia Control Panel, "Configure SLI, Surround, PhysX", chagua "Maximize 3D performance". Kwa Radeon za zamani, swichi ya CrossFire iko ndani ya programu ya AMD, sehemu ya grafiki.
8. Pima gemu ileile, eneo lilelile, SLI ikiwa imewashwa kisha ikiwa imezimwa. Andika fremu za wastani na za chini kabisa. Zile za chini zikishuka SLI ikiwaka, izime uache hivyo.

Hatua ya 8: Siku kompyuta ya tayari inapofika

Usiiwashe. Fungua ubavu kwanza. Kompyuta nyingi husafirishwa na sponji au mfuko uliojazwa hewa ndani ya kasha ili kadi isivunjike njiani, na kila siku kuna mtu anayewasha huku sponji imekumbatia feni. Itoe, kagua kama kadi imekaa sawa kwenye sloti na kama kuna waya uliolegea.

Kisha ichomeke, skrini iingie kwenye kadi ya grafiki, si kwenye ubao mama. Hili najua linaonekana la kitoto. Ndilo kosa la kwanza kwa wingi.

Fungua CPU-Z na GPU-Z, linganisha kila mstari na orodha uliyoahidiwa. Ingia BIOS (mipangilio ya ubao mama kabla Windows haijawaka) uwashe XMP au EXPO, mipangilio ya kasi ya RAM, maana RAM huja ikiwa kwenye kasi ya chini. Kwenye Windows pandisha hezi za skrini hadi kiwango chake. Cheza gemu nzito nusu saa huku HWiNFO ikirekodi joto. Hitilafu yoyote, ripoti siku hiyohiyo, na sanduku usilitupe hadi muda wa kurudisha upite.

Mambo yakigoma

*Chaguo la SLI halionekani.* Kagua daraja, kisha kitabu cha ubao. Ubao usio na leseni ya SLI hauonyeshi chaguo hilo hata sloti zikiwa sawa. Kadi nazo ziwe za modeli moja. 1080 na 1080 Ti haziungani.

*Kadi ya pili iko asilimia 0.* Gemu haiitambui. Jaribu kuhamia DirectX 11 kama gemu inaruhusu. Ikishindikana, hakuna mpangilio utakaoilazimisha.

*Namba ya fremu ni kubwa ila picha inakatakata.* Fremu zinafika bila mpangilio, mbili zimebanana kisha pengo. Ni ugonjwa wa kuzaliwa nao wa njia ya kupokezana. Weka kikomo cha fremu chini kidogo ya wastani wako. Ugonjwa ukiendelea, zima kadi moja.

*Inazima ghafla gemu ikianza.* Umeme. Chomoa kadi moja uone. Ikitulia, pawasaplai ndiyo mshukiwa, au waya ule wa vichwa viwili.

*Kadi ya juu inafika nyuzi 85 na ya chini 65.* Hewa haimfikii wa juu. Shusha ya chini sloti moja kama njia zinaruhusu, ongeza feni ya ubavuni, au punguza kikomo cha umeme hadi asilimia 80 kwa MSI Afterburner. Kasi utakayopoteza ni ndogo kuliko unavyodhani.

*Laptopu inatumia ile grafiki dhaifu.* "Settings", "System", "Display", "Graphics". Ongeza gemu yako, chagua "High performance". Hakikisha pia chaja imechomekwa.

*Umeweka kadi mpya kwenye kompyuta ya tayari, skrini nyeusi.* Rudisha ya zamani, pata BIOS mpya kutoka kwa mtengenezaji wa kompyuta hiyo, jaribu tena. Kagua kama waya wa umeme wa kadi umeingia hadi mwisho. Ikibaki nyeusi na kadi inafanya kazi kwenye kompyuta nyingine, tazama pawasaplai: zile za vipimo vya kampuni mara nyingi hazina wati wala plagi ya kuilisha, na hapo hesabu ya kubadilisha pawasaplai, ubao na kasha ndiyo inayoamua kama kadi hiyo utaiweka au utaiuza.